Maiti Anapumua

Ijumaa ile Arlys Wojta alipita baani kuchukua samaki wa kukaanga, maboksi mawili, moja lake na moja la Marit, kama alivyofanya kila Ijumaa tangu mumewe afe. Wakati anatoka, jua lilikuwa limebaki ukucha tu nyuma ya mashamba yaliyokwisha vunwa. Wisconsin mwezi wa kumi giza halipigi hodi. Akaweka maboksi kwenye kiti cha pembeni, akawasha gari, akaenda taratibu kwa sababu kulungu siku hizi wanavuka barabara bila kuuliza mtu.

Hakuwa na wasiwasi wowote. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani moyo ulimwonya. Moyo wa Arlys ulishazoea kunyamaza.

Marit Haugland alikuwa akimsubiri mezani, shali mabegani, kahawa tayari. Alikuwa na miaka sitini na mitano na kisukari kilishamla macho. Alibakiwa na mwanga na kivuli basi. Arlys alikuwa na sabini na mmoja. Hawakuwa ndugu wa damu, lakini Marit alimwita dada, na alianza kumwita hivyo akiwa binti wa miaka kumi na mitano, mwaka ule ambao dada yake halisi, Signe, alipanda basi kwenda California kutafuta kazi ya uigizaji na hakuandika tena hata barua moja.

Hivyo ndivyo ilivyosemwa. Alipanda basi.

Kila Marit aliposema "dada", Arlys alimeza kitu. Miaka hamsini alimeza, na koo lake lilizoea.

"Samaki wa leo wana mafuta mengi," Marit alisema, akipapasa boksi.

"Kila Ijumaa unasema hivyo, na kila Ijumaa unamaliza."

"Namaliza kwa heshima yako. Kaa. Nina kazi ya kukupa, dada. Chukua hicho kishikwambi hapo karibu na sukari."

"Cha nini?"

"Ile sinema yenu imeokotwa. Kuna watu wameisafisha, wameiweka mtandaoni, na watu wanaitazama. Wameandika maoni. Nataka unisomee."

Arlys alikuwa anafungua kifuniko cha mchuzi wa malimau. Aliendelea kukifungua, taratibu, hadi mwisho.

"Watu wa mtandaoni hawana adabu, Marit."

"Na mimi sina macho. Soma."

Sasa niwaambie kuhusu sinema yenyewe. Iliitwa Kihenge Chekundu. Ilipigwa mwezi wa tisa mwaka 1971 na kijana mmoja aliyeitwa Orrin Pelkey, mwuza viatu wa mjini aliyekuwa na kamera ya kukodi na maneno mengi. Ilihusu mkulima mwenye wazimu anayechinja wasichana na kuwahifadhi chini ya kihenge, ule mnara wa zege ambamo mahindi yaliyokatwakatwa mabua kwa masuke hushindiliwa hadi yachache, ili ng'ombe wale wakati wa theluji. Hadithi haikuwa na kichwa wala miguu. Ilichokuwa nacho ni damu, na damu ilitengenezwa na Arlys. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Alichemsha sharubati ya mahindi na rangi ya keki katika sufuria ya mama yake, akaenda buchani kila alfajiri kuomba matumbo na maini, akayapanga juu ya wasichana wa Orrin kwa ustadi ambao, kusema kweli, hakuna aliyemfundisha. Kihenge kilikuwa cha baba yake. Na msichana wa mwisho kuchinjwa alikuwa Signe.

Kanisa lilikataza watu kuitazama. Mama yake Marit alilitii kanisa, Marit naye alimtii mama.

Arlys akavaa miwani, akakiinamia kishikwambi.

"Wa kwanza anasema hivi. 'Sinema mbovu. Damu ni sharubati tupu. Nimeipa nyota moja kwa sababu hakuna sifuri.'"

Marit akacheka na samaki mdomoni. "Huyo kakuumbua."

"Wa pili. 'Niliitazama mwaka 1972 katika uwanja wa sinema za magari, ndani ya gari jipya la shangazi. Nilitapika dirishani. Nyota tano.'"

"Shangazi angempa ngapi?"

"Wa tatu anasema, 'Nimekuwa mchinjaji miaka thelathini. Utumbo ule ni wa kweli, wa ng'ombe, na aliyeupanga anajua kazi. Heshima kwake popote alipo.'"

Na hapo, Mungu amsamehe, Arlys aliona fahari. Fahari ndogo, ya sekunde moja, lakini aliiona, na aibu ikaja nyuma yake mbio. Akashuka kwenye maoni ya nne.

Akayasoma kwa macho kwanza. Angetaka kuyaruka, lakini Marit alikuwa ameinua uso, anasubiri.

"Wa nne... 'Maiti anapumua. Yule msichana wa mwisho, chini ya kihenge, ameshakatwa tumbo zima lakini kifua kinapanda na kushuka. Nimehesabu mara saba. Hivi hawakuona? Nimecheka hadi machozi.'"

Marit hakucheka. Aliweka uma chini.

"Huyo ni Signe?"

"Ndiyo."

"Mara saba," Marit alisema polepole. "Yaani mtu akiitazama sasa hivi, anamwona anapumua."

Arlys alijua kwamba ni mara saba. Hakuhitaji mtu wa mtandaoni kumhesabia. Ni yeye aliyeikata filamu kwa mkasi, mezani kwa Orrin, kwa sababu mikono ya Orrin ilikuwa inatetemeka. Na usiku wa kwanza wa kuonyeshwa, Orrin aligawa kadi kwenye magari watu waandike maoni yao, na karibu kila kadi iliandikwa hilohilo kwa penseli: maiti anapumua, maiti anapumua, mwambieni maiti abane pumzi. Orrin alikwenda kutapika nyuma ya skrini. Arlys alizikusanya kadi na kuzichoma jikoni, akisema ni takataka.

Watoto wote wa wakulima wa kule wanaijua kanuni moja kabla hawajajua kusoma. Kihenge kikishajazwa, hukanyagi ndani yake wala chumba cha chini yake kwa wiki tatu. Mahindi mabichi yakianza kuchacha hutoa hewa ya manjano, nzito, inayoshuka kwenye bomba na kutanda sakafuni. Inanuka dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Mtu aliyesimama hukohoa tu. Aliyelala...

Kihenge cha baba yake kilikuwa na siku nane tu tangu kijazwe.

"Ni salama?" Orrin alimuuliza asubuhi ile mlangoni. Yeye alikuwa mtu wa mjini, angejuaje. Moshi wa manjano ulikuwa unatambaa sakafuni, na mashine ya moshi hawakuwa nayo. Ilipendeza. Ilipendeza mno kwenye kamera. Na Arlys alikuwa amechoka kuitwa mtoto wa maziwa, amechoka kuonekana mshamba mwenye hofu za baba yake.

"Ni salama," alisema.

"Kuna harufu," Signe alisema. Alikuwa tayari amelala chini, utumbo wa ng'ombe tumboni.

"Ni harufu ya ng'ombe. Funga macho."

"Dada," Marit aliita sasa, mezani. "Umelala? Endelea."

"Nadhani yamekwisha."

"Hayajaisha. Soma."

Arlys akashusha kidole kwenye kioo akiomba yawe yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Kulikuwa na maoni ya tano. Hayakuwa na jina la mwandishi.

*Aliyesema mara saba amekosea. Ni mara kumi na moja. Endelea kuhesabu anapogeuza kichwa kuelekea mlangoni.*



Hakuna mahali Signe anageuza kichwa. Arlys alikata hapo. Alikata baada ya pumzi ya saba, na kipande kilichobaki alikitia motoni kwa mkono wake.

"Anasema nini?"

"Anasema... dada yako aliigiza vizuri. Anamsifu."

"Aha," Marit alisema.

Maoni ya sita yalikuwa marefu kidogo.

*Mimi nimefika ishirini na sita. Anakohoa. Anasema kitu, tegeni sikio, anaita jina la mtu. Wale wawili waliosimama wanamwangalia. Mmoja anasema tusikate, iendelee, anaigiza vizuri sana.*

Arlys akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena. Maneno yalikuwa palepale. Jikoni kulikuwa na harufu ya samaki na kahawa, na chini ya harufu hiyo, kwa mbali, ile nyingine. Kali. Safi. Ya nguo nyeupe.

"Umefua leo?" aliuliza.

"Nafua Jumatatu. Unajua. Wa sita anasemaje?"

"Anamsifu pia. Anasema macho yake ni mazuri."

Alidanganya kwa sauti tulivu, sauti ileile aliyoitumia miaka yote. Sauti ya kumwambia mama yake Marit kwamba alimwona Signe akipanda basi, na sanduku la bluu. Alibuni hata rangi ya sanduku. Mama yule alimshika mikono yote miwili akamshukuru, akampa chupa ya matunda ya pichi yaliyohifadhiwa kwa sukari aende nayo nyumbani. Pichi zile alizila. Jamani, mtu hula. Za mwizi ni arobaini, wanasema, lakini za Arlys zilipita hamsini na bado alikuwa akikaribishwa mezani.

"Endelea."

"Marit, macho yangu nayo..."

"Endelea, dada."

Maoni ya saba.

*Watu wengi wanazima hapa wakidhani imekwisha. Msizime. Skrini inakuwa nyeusi lakini sinema inaendelea, kamera imebaki ndani. Mlango umefungwa. Mnasikia komeo la nje likisukumwa. Mnasikia lori likiingia uani. Halafu, sikilizeni vizuri...*

Hakukuwa na kamera ndani. Orrin alitoka nayo mabegani, analia, akisema amekufa, Arlys, hapumui, amekufa. Na lori la baba yake lilikuwa linakata kona. Ni hapo Arlys alisukuma komeo. Alitaka dakika kumi tu, dakika kumi za kumwingiza baba ndani anawe mikono, kisha watafakari. Alimwendea baba yake akicheka. Wakazungumza habari ya bei ya maziwa.

*...halafu mnasikia mtu anagonga.*

Kubisha mara tatu.

Si mlango wa Marit. Nataka mwelewe hivyo, hakuna aliyebisha jikoni mle jioni ile. Lakini Arlys alisikia kama alivyosikia siku ile, ngumi laini juu ya mbao, chini, karibu na ardhi, mahali anapoweza kufikia mtu aliyetambaa.

*Mwanamume anauliza nje: nani huyo anagonga? Na msichana anamjibu...*

Arlys akafumba macho. Alibana midomo hadi meno yakamuuma. Aliapa hatasoma, na hakusoma. Alihesabu hadi kumi. Alipofumbua macho alisema, kwa upole wote aliokuwa nao:

"Huyu wa mwisho anasema alikuwa msichana mzuri. Basi, yamekwisha. Kula, samaki wanapoa."



Saa ya ukutani ilikuwa inapiga tiki. Marit hakugusa samaki. Uso wake ulikuwa umeelekea pale Arlys alipo, barabara, kama mtu anayeona.

"Ndama," Marit alisema.

"Nini?"

"'Ni ndama, baba.' Ndivyo alivyomjibu."

"Nani... nani kakwambia?"

"Wewe. Sasa hivi."

"Sijasema hivyo. Nimesema msichana mzuri."

"Umesema hivyo pia. Umesoma yote, neno kwa neno. Pumzi kumi na moja, ishirini na sita, yule aliyesema tusikate. Komeo. Lori. Ndama. Kila ukimaliza unanyamaza kidogo, halafu unasema anamsifu." Sauti ya Marit haikupanda wala kushuka. "Mwanzoni nilidhani unanitania."

"Yameandikwa, Marit. Yako hapa. Si maneno yangu, watu wameandika..."

"Jumapili mkwe wangu alinisomea maoni yote. Mara mbili, kwa sababu nilimwomba arudie lile la shangazi. Ni manne. La kwanza sharubati, la nne maiti anapumua. Baada ya hapo hakuna kitu. Nilitaka tu niyasikie kwa sauti yako, kwa kuwa wewe ulikuwepo. Nilidhani tutacheka pamoja, nawe utanisimulia kidogo alivyokuwa siku ile."

Arlys akatazama kioo. Alishusha kidole, akakipandisha. Moja, mbili, tatu, nne. Chini ya la nne palikuwa peupe. Akashusha tena, na tena, hadi kidole kikatoa jasho juu ya kioo.

Patupu.

Ile harufu ilikuwa imejaa chumba sasa. Ilimkwaruza koo. Alitazama sakafuni, hakutaka lakini alitazama, na chini ya meza palikuwa na vivuli tu na slipa za Marit. Pengine rangi ya taa ndiyo iliyofanya zulia lionekane la manjano.

"Unanusa?" alinong'ona.

"Sinusi chochote," Marit alisema. "Aligonga mara ngapi?"

Wakati wa kudanganya ulikuwa bado upo. Arlys aliuona, kama mtu anavyoona basi la mwisho likianza kuondoka. Angeweza kusema ni uzee, ni dawa za presha, akili zimeniruka. Marit angetaka kumwamini. Alikuwa hana mtu mwingine wa kumwita dada.

"Mara tatu," Arlys alisema. "Halafu mara moja. Nilipofungua alikuwa ameegemea mlango. Akaniangukia miguuni."

"Ulimfungulia baada ya muda gani?"

"Baba aliomba kahawa. Nikamtengenezea kahawa."

Marit akaitika kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeambiwa saa. Kisha akaufunika mdomo wake kwa mkono. Arlys alinyoosha mkono kuvuka meza. Marit aliusikia ukija, akauondoa wake.

"Na mimi nikakufanya wewe ndiye dada," alisema.

"Nisamehe."

"Usiniombe kitu leo."

"Kila siku nilitaka kusema. Naapa. Kila siku nilikuja hapa nikitaka kusema, kisha unanimiminia kahawa..."

"Mama aliacha taa ya barazani ikiwaka," Marit alimkata. "Ulijua hilo? Kila jioni, miaka ishirini na tisa, Signe akirudi asijikwae ngazini. Siku anakufa alinishika akaniambia nisije nikaizima. Sijaizima. Siioni tena, lakini nabadilisha balbu kwa kupapasa. Ninapanda kwenye kiti, mimi kipofu." Akavuta pumzi. "Nimechoka kuibadilisha. Nataka kuizima leo. Lakini siwezi kuizima na sijui alipo."

Orrin alikufa na siri yake mwaka 1988, naye baba hakujua kamwe kwa nini binti yake alimhimiza aimwagie zege upya sakafu ya banda la kukamulia msimu ule kabla ya wakati. Arlys alibaki peke yake. Koo lililomeza miaka hamsini lilikuwa limefunga kabisa, likimuwasha, likimbana, na pumzi zake zilikuwa zinatoka fupifupi. Bila kutaka akaanza kuzihesabu. Moja. Mbili. Tatu.

"Siwezi," alisema. "Marit, siwezi kulisema."

"Basi usiseme. Hadi sasa hujasema chochote kwa hiari yako." Marit akasogeza boksi la samaki pembeni, akapapasa mezani, akakipata kishikwambi na kukisukuma hadi kikagusa vidole vya Arlys. "Soma. Hukufika mwisho. Endelea kusoma, Arlys."

Hakumwita dada.

Kishikwambi kilikuwa kimejizima. Kioo kilikuwa cheusi, hakina neno hata moja. Arlys akaweka miwani yake sawa, akakiinamia, akaanza kusoma.